Kesho Unaitwa kwa Maulizo ya Kazi: Utasema Nini?



Jioni moja, mvua ikinyesha, kijana wa kanisa letu alipiga hodi kwangu. Alikuwa amebeba koti ya kuazima ndani ya sashe ili isilowe. Alipokaa tu akasema, "Pasta, uniombee. Kesho saa tatu niko na interviyu kwa kampuni."

Nikamwuliza, "Wanatafuta mtu wa kazi gani?"

"Kazi ya depo, nafikiri."

"Unafikiri?"

"Pasta, ni rafiki yangu ndiye aliona tangazo. Mimi niliweka dosie tu."

Ningeweza kuomba, kusema Amina na kumwacha aende. Ninakiri kwamba mara nyingi nilifanya vile. Lakini siku ile nilimwambia, "Tutaomba. Lakini kwanza unieleze kazi ulizofanya tangu ulipoacha shule."

Akainamisha kichwa. "Sijafanya kazi, Pasta. Nilikuwa tu kwa mashimo."

"Kwa mashimo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika. Mwenye shimo hakujua kusoma vizuri, basi mimi nilishika kaye: mifuko iliyotoka, kilo zake, deni ya kila mchimbaji, chakula walichokopa. Watu karibu arobaini, miaka miwili."

"Na kaye yako ilipatana na mizani?"

"Siku zote. Siku moja zilikosa kilo hamsini. Nilitafuta usiku mzima mpaka nikaona: mfuko mmoja uliandikwa mara mbili."

Ndugu msomaji, unaona? Kampuni ilitafuta mtu wa depo. Kijana huyu alikuwa amefanya kazi ya depo miaka miwili, lakini yeye mwenyewe alisema hajafanya kazi! Alikuwa ametayarisha koti, na maneno makubwa ya Kifaransa aliyoyakariri. Jambo moja tu hakulitayarisha: ukweli wa maisha yake.

Hilo ndilo neno ninalotaka kukuandikia mwezi huu. Ujasiri mbele ya wakubwa hautoki katika koti, wala katika "mwavuli" wa mtu fulani anayekufunika. Unatoka katika kujua ni nini mikono yako imefanya, na kuweza kuisema bila kuongeza na bila kupunguza.

KWA NINI MAULIZO YANATUTISHA

Wazee wetu wa Masisi na Walikale wanakumbuka Sominki, kampuni iliyoanza mwaka 1976 na kufungwa mwaka 1997. Kisha ukaja wakati wa kila mtu na nyundo yake. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana katika dunia, na vijana wengi waliacha ubao wa shule wakapanda mlimani. Karibu na mwaka 2002 kasiterite ilionekana huko Bisie, katika msitu wa Walikale, na maelfu ya watu wakajaa kule. Mizigo ilitoka mgongoni mwa wabebaji, katika matope, mpaka Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara.

Kwa shimo hakuna anayeuliza diploma. Ndugu yako anakuleta, wanatazama nguvu zako, unaingia. Basi tulizoea hivyo.

Lakini mambo yalibadilika. Mwezi wa tisa 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Jamaa nyingi zilijifunza wakati ule kwamba shimo linaweza kufungwa kwa neno moja kutoka juu. Bisie yenyewe ikawa mahali pa kampuni ya Alphamin, iliyoanza kutoa madini ya bati kwa mashini mwaka 2019. Kampuni ya namna hii inahitaji madereva, mafundi wa umeme na wa mitambo, wapishi, walinzi, watu wa depo. Tena si kampuni peke yake. Shule ziko, ONG za maji na za chakula ziko, na hospitali ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kusaidia mwaka 2007. Mashirika ya namna hii yanabandika tangazo kwenye valvu, yanachagua dosie, yanatoa tesi ya kuandika, kisha yanaita watu wachache mbele ya meza ya wakubwa watatu ao wane.

Na mbele ya meza ile, kijana aliyezoea kushuka gizani chini ya mlima bila kuogopa anaanza kutetemeka magoti.

Mimi pia nilitetemeka. Mbele ya kuingia chuo cha Biblia, niliitwa na shirika moja lililotafuta watu wa kugawa chakula kwa wakimbizi. Wakaniuliza, "Jamaa mia tano ziko kiwanjani, mvua inakuja. Utazipanga namna gani?" Nikawaeleza kwa maneno marefu jinsi ninavyowapenda maskini. Hawakuniuliza hilo! Walitaka kujua mistari mingapi, nani anatazama kadi, wazee na wenye mimba wanapita wapi. Na mambo hayo nilikuwa ninayajua, kwa sababu tulikuwa tumeyafanya kanisani mara nyingi. Nikarudi nyumbani na hasira, nikisema, "Walikuwa na mtu wao tayari." Pengine walikuwa naye. Lakini ukweli ni kwamba mimi sikujibu ulizo.

WAWILI WALIOSIMAMA MBELE YA MFALME

Fungua 1 Samweli sura ya 17. Daudi anasimama mbele ya Sauli, na Sauli anamwona ni kijana tu asiye na desturi ya vita. Daudi hajisifu kwamba ni shujaa. Anaeleza kazi yake: alichunga kondoo za baba yake, simba alikuja, dubu alikuja, aliwafuata, akaokoa mwana-kondoo, akawaua. Kisha anasema kwamba Bwana aliyemwokoa pale atamwokoa na hapa. Tazama mpango wa jibu lake: kazi gani, taabu gani ilitokea, alifanya nini, na nani alimsaidia. Hiyo si kiburi, ni ushuhuda.

Sauli akamvika silaha zake mwenyewe. Daudi akajaribu kutembea, akazivua, kwa sababu hakuzizoea. Kijana, ni mara ngapi umevaa silaha za Sauli? Kifaransa cha mtu mwingine, sivii ya mtu mwingine iliyonakiliwa kwa sekretaria, majibu ya mtu mwingine. Daudi alichukua kombeo, kitu ambacho mkono wake ulikijua.

Sasa fungua Nehemia sura ya 1 na ya 2. Nehemia alisikia habari mbaya za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, na alisema na mfalme Artashasta mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi mine. Katika miezi ile alilia, alifunga, aliomba. Lakini tunaona kwamba alihesabu pia. Maana mfalme alipomwuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo kwa Mungu, kisha akajibu. Mfalme akauliza safari itachukua muda gani: Nehemia akampa muda. Akaomba barua za kupita kwa watawala wa ng'ambo ya Mto. Akaomba barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti ya milango. Alijua hata jina la mwenye depo!

Basi usiniambie kwamba kujitayarisha ni ukosefu wa imani. Maombi ya Nehemia yalikuwa na hesabu ndani yake.

JINSI YA KUJITAYARISHA

1. Soma tangazo lote kwa macho yako mwenyewe. Usitosheke na habari ya rafiki. Nenda mbele ya valvu na kalamu, nakili yote: jina la kazi, mahali, tarehe ya mwisho, vikaratasi wanavyoomba. Tazama sana orodha ya kazi za kila siku, maana maulizo yatatoka mule. Kama wameandika "kushika fishi za depo", ulizo la fishi litakuja. Kama wameandika "kuendesha moto katika barabara mbaya", watakuuliza siku moto iliharibika porini ulifanya nini. Uliza pia habari za kampuni ao shirika lenyewe: linafanya nini, tangu lini, katika vijiji gani. Ulizo la "Unajua nini juu yetu?" linaangusha watu wengi.

2. Hesabu kazi za mikono yako. Chukua kaye, andika kazi tatu ulizofanya kweli, hata kama hukulipwa. Kwa kila moja jibu mambo mane: Nilifanya nini? Kwa watu ao vitu vingapi, na muda gani? Taabu gani ilitokea? Niliimaliza namna gani?

Usidharau kitu. Uliyesukuma chukudu ya mkaa na viazi kutoka Masisi, unajua kupanga mzigo, kutengeneza gurudumu njiani, kutunza mali ya mtu mwingine. Mama unayeshika sanduku la AVEC ya akina mama ishirini, unajua hesabu, siri na upatanisho. Uliyekuwa mkubwa wa bloki katika kambi ya wakimbizi, umeandika majina ya jamaa, umepanga zamu za maji, umetuliza ugomvi. Mwalimu wa shule ya Jumapili, mweka hazina wa kwaya, mpima kilo wa mnegosia, mpishi wa kongamano la vijana: hizo zote ni kazi. Usiseme "nilikuwa tu kwa mashimo". Neno "tu" linakuibia.

Lakini usiongeze vilevile. Kama ulipima kilo, usijiite injinia. Wakubwa wa meza ile wana ulizo moja la kumfunua mwongo: "Utueleze namna ulivyofanya, hatua kwa hatua." Mkweli anafurahia ulizo hilo, mwongo anatoka jasho.

3. Jizoeze kwa mdomo. Jibu lililo kichwani si jibu bado. Omba dada yako, mume wako ao mzee wa kanisa akae kama mkubwa wa kazi akuulize. Karibu kila mahali maulizo haya yanarudi: "Jitambulishe." "Kwa nini unataka kazi hii?" "Uko na udhaifu gani?" "Unaomba mshahara gani?" "Ukiona mkubwa wako anaiba, utafanya nini?"

Kwa "Jitambulishe", usianze na babu yako. Sema jina, masomo, kazi mbili ulizofanya, na kwa nini zinapatana na kazi hii. Dakika mbili zinatosha. Kwa "Kwa nini unataka kazi hii?", usijibu "kwa sababu ya mateso". Mateso yako ni ya kweli, lakini wale wote walio nje kwenye benchi wako nayo. Sema utakachoweza kuwafanyia. Kwa udhaifu, sema udhaifu wa kweli na unavyopigana nao: "Sijui kompyuta vizuri, nimeanza kujifunza kwa rafiki, mara mbili kwa juma." Kwa mshahara, uliza mbele watu wanaofanya kazi ya namna ile wanalipwa kiasi gani, usije ukataja hesabu ya hewani.

4. Juu ya Kifaransa. Wengi wananiambia, "Pasta, Kifaransa changu kinanichekesha." Zungumza kile ulicho nacho, kwa maneno mafupi na polepole. Usiposikia ulizo, omba kwa heshima warudie. Hiyo si aibu. Neno likikukimbia, omba ruhusa kulisema kwa Kiswahili. Wengine watakataa, wengine watakubali, kwa sababu kazi yenyewe pengine ni kuzungumza na watu wa vijiji vyetu. Musa pia alisema mdomo wake ni mzito, na Mungu hakumwacha nyumbani kwa ajili hiyo. Lakini kama miezi sita iko mbele yako, usikae bure: sikiliza habari za redio kwa Kifaransa, soma kwa sauti ukurasa mmoja kila siku.

5. Tengeneza vikaratasi mbele ya wakati. Kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu imetumika kama kitambulisho, diploma ya Serikali ao atestasyo ya shule, sivii, barua za mahali ulipofanya kazi. Weka nakala mbili, moja kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine. Tumekimbia mara nyingi, na ndugu wengi walipoteza yote Sake, Kitshanga, Nyabiondo. Ukipoteza, usinunue diploma ya uongo. Nenda kwa ofisi ya Serikali uombe cheti cha kupoteza vikaratasi, na kwa shule yako uombe atestasyo kutoka katika vitabu vyao. Ni safari ndefu na inachosha, lakini karatasi ya kweli haikuamshi usiku. Unaweza pia kujiandikisha kwa ONEM, ofisi ya Serikali ya kazi iliyoanzishwa mwaka 2002. Na kama unataka ufundi mikononi, INPP inafundisha kazi za mikono tangu mwaka 1964.

SIKU YENYEWE

Barabara zetu unazijua. Kutoka kijijini mpaka mahali pa maulizo, moto inaweza kulala katika matope saa tatu. Kama unaweza, fika jioni ya mbele, ulale kwa ndugu. Vaa nguo safi iliyopigwa pasi, viatu vilivyopanguswa. Koti ya kuazima si dhambi, lakini kama mikono yake inakufunika vidole, iache. Zima simu mbele ya kuingia mlango.

Salimia wote, usikae mpaka waseme ukae. Hapa kuna jambo moja la kwetu ninalotaka ulifahamu. Sisi tulifundishwa kwamba kumtazama mzee machoni ni kukosa adabu. Lakini mgeni wa Kinshasa ao wa Ulaya, akiona unatazama sakafu muda wote, atafikiri unaficha jambo. Basi inua uso, mtazame kwa upole anayekuuliza. Hiyo si kuvunja adabu ya baba yako. Ni kusema lugha ya mahali ulipo.

Sikiliza ulizo mpaka mwisho. Nyamaza kidogo, uombe kimoyomoyo kama Nehemia, kisha jibu ulizo lile lile lililoulizwa. Usichojua, sema hukijui. "Mashini hii sijaiendesha, lakini niliendesha ya namna hii, na ninajifunza upesi." Wakubwa wengi wanaheshimu jibu hilo kuliko uongo mtamu.

Mwishoni watakuuliza kama uko na ulizo. Usiseme hapana. Uliza habari za muda wa kujaribiwa, za mapatano ya kuandika, za kuandikishwa kwa CNSS, ile iliyochukua nafasi ya INSS mwaka 2018. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema muda wa kujaribiwa usipite mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Mtu anayeuliza haki yake kwa heshima haonekani mbaya. Anaonekana mtu anayejua kusoma anachotia sahihi.

MILANGO YA UONGO

Sasa nitaandika maneno magumu, mnivumilie.

Katika mkoa wetu kuna kitu kinachoitwa "operesheni ritua". Mtu anakupatia kazi, kisha kila mwezi unamrudishia sehemu ya mshahara. Wengine wanaomba dola mbele ya kuweka jina lako kwenye orodha. Kijana, matangazo mengi yenyewe yanasema kwamba kuomba kazi hakulipwi. Ukilipa kuingia, utaingia ukiwa mtumwa, na kesho utaiba ili ulipe deni. Wala usiseme "Mungu amenifungulia mlango". Mungu hatozi asilimia.

Dada zangu, na ninyi mnajua ninachotaka kusema. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, wanawake walishuhudia kwamba wanaume waliokuja kwa kazi ya kusaidia waliwadai miili yao ili wapate kazi ao waendelee kuishika. Shirika la Afya la Dunia liliweka tume ya kuchunguza, na mwezi wa tisa 2021 tume ile ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika lile lenyewe. Hao hawakuwa watu wa mtaani. Walikuwa na magari na beji shingoni. Kwa hiyo sikia: maulizo ya kazi yanafanywa mchana, katika ofisi, mbele ya watu zaidi ya mmoja. Mkubwa akikuita hotelini ao jioni "kumaliza dosie", usiende. Umwambie mama yako, umwambie mtu unayemwamini kanisani. Ukikataa hukupoteza bahati. Na kama ulishadhulumiwa, aibu si yako, ni ya aliyetenda, na kanisa halina ruhusa ya kukufukuza.

Nasi wachungaji tujihukumu. Ni mara ngapi tuliandika barua ya kumsifu kijana tusiyemjua vizuri, kwa sababu baba yake anatoa sadaka kubwa? Ni mara ngapi mkubwa wa kazi, tena mkristo, alitupa dosie ya mtu kwa sababu ya jina la kabila lake? Masisi na Walikale zimelia vya kutosha kwa sababu ya neno "wa kwetu". Ukipewa siku moja kukaa upande ule mwingine wa meza, kumbuka ulivyotetemeka upande huu.

Na wazazi: mtoto ambaye hajafika miaka 18 hana nafasi katika shimo wala katika kazi ya kampuni. Usimbadilishie miaka kwenye karatasi. Mrudishe shuleni.

WAKIKUKATAA

Ulitaka kujua habari za yule kijana wa koti ya kuazima? Usiku ule tulikaa na taa mpaka saa nne. Aliandika kazi yake ya kaye, kilo hamsini zilizokosa, namna alivyozitafuta. Tukaomba. Kesho yake alienda amevaa shati lake mwenyewe.

Hakupata kazi. Walitaka wawili, yeye akawa wa tatu.

Lakini aliporudi hakuinamisha kichwa. Aliniambia, "Pasta, waliniuliza maulizo kumi na moja. Tisa nilijibu vizuri. Mawili ya moto kuwaka ndani ya depo sikuyajua." Akachukua kaye mpya, akayaandika yote kumi na moja, na pembeni majibu aliyotafuta kisha. Kaye ile iko kwa ofisi ya kanisa letu. Kila anayetoka kwa maulizo anaongeza yake. Kila anayeitwa anakuja kuisoma. Wavulana na wasichana wanaulizana jioni kisha ya kwaya. Wanne wamekwisha kupata kazi, na yeye sasa anashika vitabu vya depo ya ushirika mmoja wa wakulima. Si mshahara wa kampuni, lakini jamaa yake inakula na watoto wanasoma. Kanisa lako linaweza kuanza kaye kama hiyo juma hili. Inahitaji kaye moja na kalamu.

Wazazi, mtoto akirudi mikono mitupu, msimwambie "nilikwambia". Wala msile mshahara wake wa kwanza kwa mawazo, mkikopa kwa jina la kazi ambayo hajapata. Mzigo huo ndio unamfanya atetemeke.

Na kama umepata, mshukuru Mungu, lakini usiiabudu kazi. Mwisho wa mwezi wa nne 2024 Rubaya na koltani yake iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi wa kwanza 2025 wakaingia Goma. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025 kampuni ya Bisie ilisimamisha kazi na kuondoa watu wake kwa sababu vita ilikaribia; mwezi wa nne ikaanza tena polepole. Mtu mwenye mapatano mazuri sana alijikuta njiani na mfuko wake kama sisi wengine. Kazi inaweza kufungwa. Ulichojifunza kwa mikono yako, na uaminifu uliouzoea, unakimbia nao mpaka kambini, na ukirudi unarudi nao.

Daudi alikuwa mwaminifu kwa kondoo wachache porini, mahali ambapo hakuna aliyemwona. Siku ya kusimama mbele ya mfalme, hakutafuta maneno. Alikuwa nayo tayari.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kila mmoja wetu ataje kazi moja aliyoifanya vizuri mwaka huu, hata bila malipo. Taabu gani ilitokea, na aliimaliza namna gani?

2. "Silaha za Sauli" ni nini katika maisha ya vijana wa kijiji chetu?

3. Soma Nehemia 2:1-8. Nehemia alikuwa ametayarisha mambo gani mbele ya siku ile?

4. Mtu akimwomba binti yetu ao mwana wetu kitu kibaya ili apate kazi, atamwambia nani kwanza? Je, sisi wazazi tuko watu wa kuambiwa?

Bwana akupe kinywa cha kweli na moyo uliotulia. Amina.